Ndimi Tatu za Skuta ya Mama Gloria

Vijana wangu, mnakuja hapa uani kwangu na ombi lile lile: "Papa Gaspard, tuonyeshe ile motere haiko na pistoni." Mnachungulia injini chini ya kiti cha skuta ya mke wangu, mnapiga picha kwa simu, mnaondoka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza niliogopa kiasi gani. Nami nawaambia wazi: kazi hii niliyoifanya tangu ndevu hazijaota mpaka macho yakaanza kunisaliti, kwa sehemu kubwa ni kuogopa. Spana ni za kusaidia tu.

Hapa Bunia madereva wa malori waliniita Papa Kontrole. Msidhani ni heshima, ni utani. Nilikuwa nikimaliza kufunga gurudumu nakaza nati, naenda kunawa mikono, narudi kuzikaza tena, na lori likianza kuondoka napiga kelele lisimame nizikaze mara nyingine. Dereva mmoja wa njia ya Fataki alinitukana siku moja mbele ya abiria wake wote, na mama mzazi wangu akamtia humo humo. Niliendelea kukaza nati zake huku akitukana. Dereva anayetukana yuko hai, na mimi nilikuwa nataka afike Fataki hivyo hivyo.

Aliyenifundisha kuogopa ni Muzee Salumu. Alikuwa fundi wa mashine ya kukereza vyuma, ile tunayoiita tour, kwenye karakana ya machimbo huko kwenye miji ya dhahabu, mahali ambapo Mwislamu na Mkristo, mtu wa huku na mtu wa kutoka mbali, wanakula sahani moja na kugombania ndoo moja ya maji. Alivaa kofia ya kufuma iliyojaa grisi, alisali sala zake zote, na hakuna injini hata moja aliyoiamini. Siku ya kwanza alinipa bisibisi ndefu.

"Ncha yake weka juu ya motere," akaniambia. "Mukono yake weka kwa mufupa, hapa nyuma ya sikio. Sasa unasikia nini?"

"Nasikia kelele, Muzee."

"Basi rudia. Motere yote iko nasema mbele ya kufa. Haikufake tu gafula. Ni weye ndiye hausikie."

Nilirudia kwa miezi mingi. Mpaka leo nina alama nyuma ya sikio la kulia, na mke wangu huniambia kwamba nimesikiliza injini za watu wengi kuliko nilivyomsikiliza yeye.

Katika pembe ya karakana ile kulikuwa na pampu ya maji iliyoachwa na wapima ardhi fulani wa kigeni. Injini yake ilikuwa ndogo, unaweza kuibeba kwapani, na iliwaka kwa mlio mmoja mwembamba bila kutikisika. Unaweka kikombe cha chai juu yake na chai inatulia. Ilipokufa, Muzee Salumu aliifungua na kuniita. Ndani hapakuwa na pistoni. Palikuwa na kitu cha pembe tatu, pembe tatu iliyonenepa tumboni, kama sambusa iliyojazwa vizuri. Kilikuwa kinazunguka ndani ya chumba chenye kiuno kidogo katikati, umbo la ganda la karanga lenye mbegu mbili. Pistoni inapanda na kushuka, inapigana na nafsi yake, ndiyo maana pikipiki inatetemeka. Kile kipembe kinazunguka tu. Kikizunguka kinavuta hewa upande mmoja, kinabana upande mwingine, kinachoma upande wa tatu, vyote kwa pamoja.

Kwenye kila pembe kulikuwa na kipande chembamba cha chuma kilichosukumwa na springi kulamba ukuta wa chumba. Muzee Salumu aliviita ndimi. Ulimi mmoja ulikuwa umevunjika vipande.

"Angalia," akasema. "Hii motere haiko na mahali ingine ya kukunywa huile. Inakunywa paka ile iko ndani ya essence. Ulimi ikikauka, inapiga filimbi. Ikipiga filimbi na weye unaendelea kwenda, inavunjika, na ikivunjika, kila kitu inasimama pale pale."

Nilimsikia, kwamba ndimi zile hunywa tu oili iliyochanganywa na petroli, nikafunga hayo kichwani, nikaenda zangu kwenye malori. Miaka mingi ilipita bila mimi kuona injini ya namna ile tena, na Muzee Salumu akazikwa bila mimi kumwambia kwamba nilikuwa bado naiwaza.

Sasa nawaeleza kwa nini mzee aliyestaafu, mwenye macho mabovu, alianza kutengeneza injini ambayo hakuna mtu wa Bunia aliyeihitaji.

Mama Gloria, mke wangu, alikuwa mtu wa samaki. Alikuwa akishuka Tchomia, kule ziwani, anapanda na samaki wa moshi na wa kukaushwa, na sokoni sauti yake ilifika kabla yake. Siku moja pikipiki iliyombeba ilianguka kwenye mteremko wa ziwani. Madaktari wakamtia chuma kwenye nyonga. Alipona, nashukuru Mungu, alitembea, alipika, aliimba kanisani. Lakini pikipiki hakuiweza tena. Mashimo ya barabara aliyavumilia. Kilichomshinda ni ule mtetemo wa injini usioisha.

"Ile kutetemeka inaingia mu chuma," aliniambia, "na kutoka haitoke."

Akabaki nyumbani. Mwanzoni nilifurahi, lazima niseme ukweli, maana barabara ile leo imetulia na kesho mnasikia imefungwa, na mtu ambaye gari lake limezima kwenye kona za kule anaanza kuomba dua kabla ya kufungua boneti. Lakini nilimwona anavyokaa kwenye kizingiti cha geti, anauliza wapita njia bei ya samaki ziwani, samaki wasio wake. Sauti yake ilipungua. Nyumba yetu ikawa na utulivu ambao sikuupenda.

Basi misheni kulikuwa na skuta kuukuu ya sista mmoja aliyerudi kwao. Injini yake ilikuwa imekufa na vipande vyake vimepotea. Lakini sakafu yake ilikuwa bapa. Mama anapanda na kikwembe chake, yaani kitenge, anaweka miguu pamoja, hana haja ya kurusha mguu juu, jambo ambalo nyonga yake ilikataa. Nilipoitazama ile nafasi ndogo chini ya kiti nikakumbuka kile kikombe cha chai kilichotulia, nikawaomba waniachie.

Msinitazame hivyo. Najua mnataka kujua ilivyotengenezwa.

Chumba nilikitoa kwenye volan, lile gurudumu zito la nyuma ya injini ya lori. Ni chuma cha kutupwa, kinene, kinachopenda kulambwa. Umbo lake ndilo lililonitesa. Nilichora kwa karatasi, nikachora kwa mbao, nikapima, kila mara ndimi zikabana kiunoni na kulegea tumboni. Nilipunguza chakula, nikaanza kuota maganda ya karanga. Kisha nikaelewa kwamba sikupaswa kuchora chochote. Unatengeneza kipembe cha uongo, unakifunga kwenye ekseli ile ile na meno yale yale yatakayozungusha kipembe cha kweli, unaweka kisu kwenye ncha, halafu unazungusha kwa mkono pole pole. Kipembe kinajichongea nyumba yake chenyewe. Pete yenye meno ya ndani niliitoa kwenye demareri, yaani stata, ya lori, gia ndogo inayokaa katikati nikaichonga kwa tupa: meno mawili kwa kila matatu ya pete. Ukikosea jino moja, anza upya. Nilianza upya.

Kipembe chenyewe nilikwenda kukitupisha kwa wale wanaoyeyusha alumini na kutengeneza sufuria. Ni mafundi hodari, lakini mazoea yao ni sufuria. Cha kwanza kilitoka kinang'aa, kizuri, nikakibusu. Kilipopata moto kikapasuka kwa mlio wa kuvunjika sahani, maana ndani kilikuwa na mapovu ya hewa. Nilirudi kwao na vipande mkononi. Mkubwa wao akavitazama, akaniuliza kwa upole, "Muzee, hii sufuria yako munapika nini ndani?" Nikacheka. Tangu siku hiyo aliyeyusha pistoni tupu, hakuchanganya na makopo wala vifuniko, na alipiga chungu cha mchanga kwa nyundo ndogo mpaka mapovu yakatoka. Shikeni hilo, linafaa hata kwa mambo mengine.

Ndimi nilizikata kwenye silinda ya zamani ya lori, nikazisugua juu ya kioo mpaka zikawa nyembamba na laini. Nilizivunja nyingi. Mama Gloria alikuwa ananiletea chai, anasimama mlangoni, anatazama.

"Hizi ndimi zako," akasema siku moja, "zinataka tu mafuta na kunyamaza. Ungeoa hizi."

Nilimweleza hapo hapo, na nilimweleza tena na tena mpaka akawa anamalizia sentensi zangu: esanse ya skuta hii, yaani petroli yake, lazima ichanganywe na huile kabla ya kuingia kwenye tangi. Ndimi hazina kinywaji kingine. Zikikosa, zinapiga filimbi. Yeye akitikisa kichwa kama wake wa mafundi wote duniani, nami nikadhani hasikilizi.

Iliwaka. Siwezi kuwaeleza vizuri siku ile. Nilisimama hapo na bisibisi nyuma ya sikio, miguu inanitetemeka, kwa sababu injini haikutetemeka hata kidogo. Ilitoa moshi wa buluu, majirani wakafunga madirisha, na mke wangu akaketi juu yake na kikwembe chake, akafumba macho.

"Chuma imenyamaza," akasema.

Akalia, nami nikalia, na jirani mmoja akaja kuuliza nani amekufa.

Ilizunguka Bunia majuma kadhaa. Sokoni, kanisani, kwa Gloria binti yetu. Kila aliporudi niliifungua na kutazama ndimi kwa kioo kidogo cha kunyolea. Zilikuwa nzima. Sikumwambia. Nilimwambia bado, bado kidogo, lazima izoee, kwa maana nilijua akisikia neno nzima atasema neno Tchomia. Alilisema hata hivyo. Tulizozana, akashinda, nikaweka mwenyewe esanse iliyochanganywa, plein, tangi likajaa, nikaonja hata harufu yake kama mpishi.

Hapo ndipo anapoingia mukwe wangu Jérémie, mume wa Gloria.

Jérémie ni dereva wa pikipiki ya abiria, mtu wa adabu kupita kiasi. Mnazijua desturi zetu za ukwe. Hamtaji mama mkwe kwa jina, hali naye meza moja, akimwona anakuja upande huu wa barabara yeye anahamia ule. Hawezi kumwambia jambo la aibu usoni, na hata kwangu mimi humwaga maneno kwa vijiko. Basi jioni ya kuamkia safari alikuja kuosha skuta, zawadi yake kwa mama mkwe. Aliiosha mpaka ikang'aa. Sikujua kwamba alifungua na tangi.

Mama Gloria aliondoka asubuhi, barabara ikiwa na magari ya kutosha mbele na nyuma. Nilikaza nati za magurudumu, nikazikaza tena, akanisukuma kwa mkono. Alipokata kona nilikwenda bandani kupanga spana. Kwenye pembe palikuwa na bidoni ya njano, dumu la mafuta, iliyojaa. Nikaifungua nikanusa. Ilikuwa ni esanse yangu, niliyoichanganya kwa mikono yangu.

Jérémie alikuwa bado uani anapangusa pikipiki yake.

"Jérémie, hii essence ni ya wapi?"

Aliinamisha macho, akatabasamu kwa haya. "Papa, unisamehe. Ile ilikuwa mu skuta ya Mama. Nilipoosha nikanusa, nikaona balikudanganya. Ni melanje, Papa. Sikutaka kukusemesha, ingekuwa haya. Nikatosha yote, nikatia mu bidoni, nikaweka essence pur. Plein."

Vijana, kwa mtu wa pikipiki hapa Bunia neno melanje lina maana moja tu: mwizi wa kando ya barabara ametia mafuta ya taa ndani ya chupa ya esanse ili akuuzie. Pikipiki zao hazinywi mchanganyiko. Jérémie alitenda jambo jema ambalo mukwe mwema angetenda, akaninyamazia kwa heshima, na kwa heshima hiyo mke wangu alikuwa anateremka kwenye mteremko wa ziwani na ndimi kavu.

Nilimwambia kwa maneno machache. Uso wake ulibadilika, ukawa wa majivu.

"Panda, Papa," akasema. "Panda!"

Nikampigia Mama Gloria simu. Iliita ndani ya mfuko wake huko aliko, au haikuita, sijui. Baadaye ikawa haipatikani kabisa. Niliketi nyuma ya Jérémie na bidoni mapajani, na nilichokuwa nakiona si barabara, nilikuwa naona ulimi. Niliuona unavyopata moto, unavyokwaruza pale kiunoni mwa chumba, unavyoanza kupiga filimbi. Niliujua unene wake kwa vidole, kwa sababu niliusugua mwenyewe. Nilijua utavunjika upande gani.

"Jérémie, malembe, pole pole kwa kona!" nilimpigia kelele. Kisha, "Jérémie, kwenda basi, kwenda!"

Nilihisi mgongo wake unatikisika, nikajua analia.

Kabla ya Bogoro tukasimama kwenye kizuizi. Askari mmoja alikuwa ameketi juu ya tairi.

"Umeona mama moja na skuta ya bluu?"

"Ule wa kikwembe ya mapicha ya ndizi? Alipita. Skuta yake inapiga muluzi."

"Inapiga nini?"

"Muluzi. Filimbi," akasema, akaweka vidole mdomoni kuonyesha.

Nilipanda tena. Ndimi zilikuwa zimeshaanza kusema, na yule aliyezisikia alikuwa askari asiyejua zinasema nini. Kila kona niliitazama bondeni kwanza kabla ya kuitazama barabara. Niliona nguo ya mtu imeanikwa juu ya majani nikashika bega la Jérémie kwa nguvu mpaka akapoteza njia kidogo. Nilisali, na katikati ya sala nilikuwa nahesabu makosa ya springi. Kama kuna mtu kati yenu anayedhani uzee unapunguza woga, na aje tuongee.

Tukaanza kuteremka, ziwa likaonekana chini, nikamwambia asimame nisikilize. Alizima pikipiki. Hakukuwa na mlio wowote wa skuta. Ndipo Jérémie akageuza pua kwenye upepo.

"Papa," akasema, "kuna mutu anakaanga hapa?"

Nami nikaisikia. Ilikuwa harufu ya mawese, ya kikaango, ya jikoni wakati vitunguu vinaingia. Lakini pale hapakuwa na nyumba, hapakuwa na jiko, palikuwa na mawe na majani tu. Tukaendelea, na harufu ikaendelea nasi. Ilipotea kwenye kona yenye upepo, ikarudi kwenye kona iliyofuata, nene zaidi. Hewani kulikuwa na utaji wa moshi mweupe unaoning'inia juu ya barabara. Sikuelewa chochote, ila moyo wangu uliikamata harufu ile na haukuiachia. Tuliifuata mpaka Kasenyi, tukaifuata kando ya ziwa, na ilitufikisha Tchomia kwenye mabanda ya wamama wanaochoma samaki, na hapo kwa kuwa kila kitu kinanuka moshi tukaipoteza.

Nilimwona yeye kabla ya skuta. Amesimama katikati ya wamama, mkono kiunoni, anabishana kuhusu samaki. Sauti yake ilikuwa imefika juu kama zamani. Nilikaa chini palepale kwenye mchanga na bidoni yangu.

"Papa Gloria!" akashangaa. "Weye unatafuta nini huku?"

"Ilipiga filimbi?" nikauliza.

"Si ulisema itapiga? Ikapiga. Nikasimama."

Alinisimulia bila haraka, huku anageuza samaki. Alipita kwanza kizuizi cha askari, akasimama peke yake kwenye kona juu ya mteremko, akafungua tangi, akanusa, haikuwa na harufu ya banda langu. Simu haikukamata. Alikuwa na bidoni ya mawese aliyokuwa anawaletea wamama wa Tchomia. Ilikuwa imeganda kwa baridi ya asubuhi, akaiegemeza kwenye bomba la moshi mpaka ikayeyuka.

"Pale kwa kona?" nikamwuliza. "Ulikaa pale kwa kona peke yako mpaka mawese iyeyuke?"

"Nilikaa. Kisha nikaweka. Ulisema inakunywa mafuta. Haukusema mafuta gani."

"Uliweka kiasi gani?"

"Kama vile ya kupika maharagi ya kilio, kwenye kuko batu bengi. Kisha nikatikisa skuta, nikaenda."

Jérémie alikuwa amesimama mbali, ametupa mgongo kwetu, anatazama ziwa. Mama Gloria alimtazama, akanitazama, akaelewa. Hakumwita, maana angemwaibisha zaidi. Alifunga samaki mkubwa wa moshi ndani ya karatasi, akampa mama mmoja ampelekee.

Nilifungua bujii, yaani plagi, nikaingiza kioo changu. Ndimi tatu zilikuwa pale, nzima, zimepakwa rangi ya chungwa kama vidole vya mtu anayekula wali wa mawese. Msiige. Mawese inaacha gundi na masizi, na niliporudi nyumbani niliisafisha injini ile mpaka kucha zikaoza. Lakini kwa siku moja, kwenye mteremko, iliweza. Kule Tchomia neno melanje halimtishi mtu, mitumbwi yao yote yenye motere inakunywa mchanganyiko, wakanipa huile nzuri, nikatoa ile supu, nikajaza tangi upya.

Kisha nikatoa ufunguo wa skuta nikautia mfukoni mwangu. Nikamwambia tumepata gari la samaki, litapakia skuta, yeye atakaa mbele na dereva, tutaonana Bunia.

Alinyoosha mkono.

"Lete ufunguo, Papa Gloria."

"Mama Gloria, miye nimekufa mara mingi leo. Nimekufa kwa kila kona."

"Najua. Miye pia niliogopa. Pale kwa kona nilitetemeka mupaka bidoni ikataka kuanguka. Lakini miye niliogopa nikiwa naenda. Weye unaogopa, halafu ni miye ndiye ninakaa kwa geti."

Nimesikiliza injini maisha yangu yote, na yeye ndiye alikuwa anasema mbele yangu miaka yote hiyo nikisikia kelele tu. Nilimpa ufunguo. Nilikaza nati za magurudumu, mara moja, nikaondoa mkono.

Basi, mkitaka kuiona ile injini msije siku ya soko la Tchomia, hamtaikuta. Itakuwa barabarani na mwenyewe. Mimi nitakuwa hapa mlangoni naogopa, sijaacha wala sitaacha. Njooni tukae pamoja. Leteni kipande cha kioo na silinda ya zamani, niwafundishe kusugua ndimi, mikono yangu iwe na kazi mpaka nimsikie anakata kona.